Wanafunzi Wakija Kutafiti Hospitalini Likizoni, Watalala Wapi?

Likizo ndefu inapokaribia, sisi mafrateri hatujiulizi tutalala wapi. Barua ya mkurugenzi wa miito inatoka, jina la parokia limeandikwa, na baba paroko anatupokea. Kitanda kipo, chandarua kipo, chakula kiko mezani, na nauli ya kwenda vigangoni haikosekani. Tumeshazoea, hata hatuoni ajabu. Ndivyo Kanisa linavyowalea wale linaotaka wajifunze kazi yake.

Lakini yupo kijana mwingine wa umri wetu, naye yuko likizo, naye anatafuta mahali pa kujifunzia kazi. Huyu ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya udaktari, uuguzi, famasia au maabara, ambaye angependa kutumia wiki nane za likizo yake kufanya utafiti mdogo katika hospitali. Hospitali ya jimbo mara nyingi iko hatua chache tu kutoka kanisani. Akiandika barua kwa utaratibu, na akiwa na kibali, huenda akakubaliwa. Kisha anaanza kupiga hesabu ya chumba cha kupanga na chakula cha siku hamsini na kitu, na hapo utafiti wake unaishia kabla haujaanza. Bumu ni la siku za masomo, na likizo kila mtu hurudi kwao.

Maoni yetu ni kwamba parokia iliyo jirani na hospitali au kituo cha afya cha Kanisa impe mwanafunzi huyo kitanda na sahani. Hatuzungumzii mradi wa wafadhili kutoka ng'ambo, wala jengo jipya. Tunazungumzia kitanda, ugali na maharage, na mtu wa kumwuliza jioni, "Leo umeshindaje?"

Wapo watakaosema kwamba mtu ambaye hajahitimu hana utafiti wa kufanya. Amalize shule kwanza. Historia ya tiba haikubaliani nao. Mwezi Mei 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Profesa J.J.R. Macleod alimpa daktari kijana aitwaye Frederick Banting nafasi katika maabara yake kwa majira ya joto, pamoja na msaidizi mwanafunzi. Wanafunzi walikuwa wawili, Charles Best na Clark Noble, na inasimuliwa kwamba walirusha sarafu kuamua nani aanze. Best akashinda. Alikuwa na miaka 22. Profesa mwenyewe akaenda zake Scotland kupumzika, na vijana wale wakabaki na joto la maabara. Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari, akadungwa dawa iliyotokana na kazi hiyo. Sindano ya kwanza haikufaa sana. Ile iliyosafishwa na James Collip, siku 12 baadaye, ikamwinua kitandani. Ndiyo insulini ambayo leo bibi zetu wanaihifadhi kwenye chungu cha maji kwa kukosa friji. Giuseppe Moscati wa Napoli, daktari na mtafiti ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 1987, hutajwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kuitumia nchini Italia.

Tena inafaa kukumbuka kwamba mwanzoni Banting na Best walifanya kazi bila mshahara. Hilo wengi hulisimulia kama sifa. Sisi tunaliona kama onyo: ni vijana wangapi wenye akili kama ya Best ambao majira yale walikwenda kutafuta kibarua kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula?

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, maana uko katika damu yetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Gilgil nchini Kenya na wakati huo akisoma udaktari Oxford, alijiunga na msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya. Hakuwa ametimiza hata miaka 25. Wenzake walikwenda kukusanya mimea na wadudu. Yeye akazunguka nchi akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Alipima makundi ya damu, akapima pia selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Akakuta jambo la kushangaza. Kwa makabila ya karibu na pwani na ya karibu na Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wamerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Nyanda za juu, hata mmoja katika 100 hakufika.

Hebu msomaji asimame hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo mwalimu wetu wa mantiki angeweka chaki mezani na kutusubiri. Anayerithi selimundu kwa wazazi wote wawili huugua, na wakati ule wengi wa watoto hao walikufa kabla ya kukua. Kitu kinachoua watoto kingetegemewa kipungue kizazi hata kizazi. Kwa nini basi hakipungui, na kwa nini kimejaa pwani na ziwani? Mwinuko wa nchi wenyewe haumpi mtu selimundu wala haumwondolei. Lazima kuwe na kitu cha tatu, kilichojificha, kinachofuata mwinuko na kinachogusa damu. Allison alifikiria mbu. Pwani na ziwani kuna malaria. Baridi ya milimani haimpendezi mbu. Huenda basi yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria, na kwa hiyo anaishi na kuzaa. Alirudi Oxford, akamaliza masomo, akaja tena mwaka 1953 kupima wazo lake, na mwaka 1954 akalichapisha. Mpaka leo linafundishwa katika kila shule ya udaktari.

Wazo kubwa kama hilo lilizaliwa katika safari ya likizo ya mwanafunzi. Historia imehifadhi jina lake. Ya wale waliokunja mikono ya mashati yao ili achukue damu haikuyahifadhi. Hatusemi kwa kinyongo. Tunauliza tu kwa nini swali lile kuhusu damu ya watu wa pwani na wa ziwani halikuulizwa na mtoto wa pwani au wa ziwani. Akili ilikuwapo. Macho yaliyoona watoto wakifa yalikuwapo, tena kwa uchungu zaidi kuliko ya mgeni. Kilichokosekana ni mahali pa kijana huyo kusimama na kuuliza.

Leo mahali hapo papo, ingawa ni pachache. Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania linamiliki chuo kikuu cha sayansi za afya pale Bugando, Mwanza. Muhimbili, kuanzia mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utafiti mpana, nao ni watu wa hapa hapa wakiuliza juu ya watoto wa hapa hapa, katika nchi ambayo watoto wapatao 11,000 wanakadiriwa kuzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Na Ifakara kuna somo linalotuhusu sisi watu wa parokia moja kwa moja. Rudolf Geigy, mwanasayansi kutoka Basel, alifika huko mwaka 1949, mahali ambapo Wakapuchini wa Uswisi walikuwa na misioni na hospitali. Baadaye ikafunguliwa maabara ndogo ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki. Kutoka mbegu hiyo imeota Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo imeshiriki hata katika majaribio ya chanjo ya malaria. Mtafiti hulala mahali. Kama pasingekuwa na misioni katika bonde lile la Kilombero, sijui nani angeweka maabara kwenye mafuriko na mbu.

Nchi nyingine wameshalielewa jambo hili la kitanda na sahani. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, pale Bethesda, Maryland, kwa miaka mingi zilikuwa zikiwapokea wanafunzi wa shahada ya kwanza kati ya Juni na Agosti, kwa wiki nane au zaidi, na kuwapa posho ya kujikimu. Vyuo vingi vya huko hufanya vivyo hivyo, vingine vikiongeza na malazi. Wanajua kwamba nafasi isiyo na posho ni nafasi ya mtoto wa tajiri. Wakati kwao ni majira ya joto kwetu ni kipupwe, na baadhi ya wanafunzi wa Ulaya na Marekani huja kukitumia hapa, katika hospitali zetu. Wanakaribishwa. Masista huwatandikia vitanda, huwachemshia maji, huwafundisha kusema "pole" kwa mgonjwa. Ni vizuri, na iendelee. Lakini ukarimu unaomfikia mgeni kutoka ng'ambo na kumpita mtoto wa Tunduru au wa Kibondo unahitaji kuangaliwa upya.

Likizo iliyopita baadhi yetu tulipangiwa parokia yenye hospitali jirani. Walikuwapo wanafunzi watatu kutoka chuo cha afya, kila mmoja na daftari lake. Mmoja, binti wa mkoa wa mbali, alikuwa akipitia vitabu vya MTUHA vya wodi ya watoto. Alitaka kujua ni watoto wangapi walioongezewa damu mwaka mmoja walirudi tena ndani ya miezi mitatu, na ni wangapi kati ya hao waliwahi kupimwa selimundu. Swali fupi, la kweli, na majibu yake yako katika kabati ya hospitali yenyewe. Alikuwa amepanga chumba sokoni. Tulimwona Misa ya asubuhi wiki ya kwanza, na ya pili. Wiki ya tatu hakuonekana. Fedha ilikuwa imekwisha na alikuwa amepanda basi kurudi kwao. Habari hizo tulizipata kwa muuguzi, akiwa tayari amekwenda. Vitabu vilirudishwa katika kabati, na mpaka tunaandika haya hakuna aliyevifungua tena kwa swali lile. Nyumba ya masista ilikuwa na chumba cha wageni kitupu mwezi ule wote.

Hatumlaumu mtu. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba kazi hiyo ni ya parokia. Ndiyo maana tunaandika.

Tufikirie hesabu yenyewe. Wiki nane ni siku 56. Parokia yenye jumuiya ndogo ndogo 14 ikigawana, kila jumuiya inabeba siku nne. Siku nne za kumpikia mtu mmoja! Tunajua jumuiya ambazo hulisha kwaya nzima ya wageni kwa siku tatu, na mbuzi akachinjwa. Mwanafunzi wa kiume anaweza kulala katika chumba cha frateri ambacho miezi kumi ya mwaka hakina mtu. Wa kike akae kwa masista, au kwa mama mmoja wa WAWATA ambaye watoto wake wamekwishaolewa na nyumba imekuwa kimya. Na asiwe lazima Mkatoliki. Hospitali zetu hazimwulizi mgonjwa dini yake mlangoni, tusimwulize mtafiti. Akiwa Mwislamu, mpishi ajue tu kwamba siku ya kitimoto huyu anapikiwa maharage, basi.

Tunasikia tayari sauti kutoka Halmashauri Walei: kanisa halijaezekwa, michango ni mingi, waamini wamechoka. Ni kweli wamechoka. Mtu anayechangia paa, gari la paroko, jubilei ya sista na harusi ya jirani katika mwezi mmoja ana haki ya kuguna. Lakini hapa haombwi bahasha. Anaombwa aongeze unga kidogo katika sufuria ambayo tayari iko jikoni, kwa siku nne, mara moja kwa mwaka.

Ugumu mkubwa zaidi uko hospitalini kwenyewe, na hatutaki kuupamba. Daktari mmoja anayehudumia wodi mbili na chumba cha upasuaji hana muda wa kumfundisha mtoto wa watu namna ya kuhesabu. Mwanafunzi asiyesimamiwa huleta hasara: huchanganya mafaili, huwasumbua wauguzi, na mwisho huandika ripoti ambayo hakuna anayeweza kuiamini. Kwa hiyo wasije ishirini. Waje wawili au watatu, na kila mmoja awe na msimamizi anayejulikana kwa jina, hospitalini na chuoni. Na waje na maswali ya ukubwa wao. Wiki nane hazitoshi kugundua dawa. Zinatosha kujua kwa nini wagonjwa wa presha wanaacha kuja kliniki baada ya mwezi wa pili, au akina mama wa kigango fulani wanafika kujifungua wakiwa wamechelewa kuliko wa kigango kingine chenye umbali uleule. Hayo yakijulikana, mganga mkuu anaweza kubadilisha kitu Jumatatu inayofuata. Utafiti wa namna hiyo haupati tuzo, lakini mtoto mmoja anaweza kupona kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sisi wanafalsafa wadogo tunaona ndilo zito kuliko kitanda na ugali.

Watu wetu wanaogopa utafiti. Wazee bado wanayo kumbukumbu ya mumiani. Enzi za ukoloni, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ilisemwa kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kunyonya damu yao ikatengenezwe dawa. Wasomi huicheka hadithi hiyo. Tukiitazama vizuri, ilikuwa ikisema jambo la kweli kwa lugha ya vitisho: yupo anayechukua kutoka miilini mwetu, hatuelezi anakipeleka wapi, na faida haturudishiwi. Turudi kwa Allison. Aliporudi mwaka 1953 kupima wazo lake, alifanya jaribio Nairobi kwa wanaume 30 wa Kijaluo: 15 waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja na 15 wasiorithi. Waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wale wasiorithi, 14 walipata vimelea. Kati ya waliorithi, wawili tu. Kisha wakapewa dawa. Makala yake inawaita watu wa kujitolea.

Tulilijadili neno hilo, kujitolea, kwa jioni mbili katika chumba cha mapumziko, na hatukukubaliana wote. Baadhi walisema watu wazima walikubali, walitibiwa, na ujuzi uliopatikana umewafaa mamilioni. Wengine tuliuliza mwanamume Mjaluo, mbali na kwao, Nairobi ya mwaka 1953, nchi ikiwa katika hali ya hatari, angewezaje kumwambia daktari Mzungu "hapana". Ridhaa inahitaji mtu awe na njia ya kukataa na kurudi nyumbani salama. Papa Pius XII, akizungumza na madaktari Septemba 1952, mwaka mmoja kabla ya jaribio lile, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba manufaa ya sayansi na ya jamii yana mipaka, na kwamba daktari hana mamlaka juu ya mwili wa mgonjwa kuliko yale ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kumpa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalirudia fundisho hilo kuanzia namba 2292. Tamko la Helsinki la madaktari wa dunia lilikuja baadaye, mwaka 1964.

Kwa nini tunaleta haya katika makala ya vitanda? Kwa sababu parokia ikimpokea mtafiti, inamkopesha kitu kikubwa kuliko kitanda: inamkopesha imani ya watu. Mwanafunzi anayekaa kwa masista na kula katika jumuiya hataitwa mumiani. Atafunguliwa milango. Na hapo ndipo hatari ilipo. Baba paroko akisimama baada ya Komunyo na kusema, "Wapendwa, hawa vijana wanataka kuwahoji, naomba mshirikiane nao," mama wa kigangoni anasikia amri. Atajibu maswali kuhusu mimba zilizoharibika na VVU kwa sababu padre amesema. Huo ni ukarimu uliogeuka kuwa shinikizo, na wala hakuna aliyekusudia.

Kwa hiyo tungependa tangazo liwe fupi: hawa ni wageni wetu, wanasoma chuo fulani, kazi yao ni hii, na kukataa kuhojiwa si dhambi wala si utovu wa adabu. Yatoke maneno hayo hayo, na yasemwe na padre mwenyewe, kwa kuwa yakisemwa na mwanafunzi hayatakuwa na uzito uleule. Katekista asikae katika mahojiano. Kibali cha kamati ya maadili kiwepo kabla mtu hajafungua hata kitabu kimoja, na majina ya wagonjwa yasitoke hospitalini kwa daftari wala kwa simu. Mezani kwa mapadre, tafadhali, mwanafunzi asiulizwe "leo umeona nini wodini?", maana parokia ni ndogo na kila mtoto mwenye upungufu wa damu ana shangazi kwaya. Sisi tunaofundishwa utakatifu wa siri ya kitubio tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Na kabla hajaondoka, arudi kuwaeleza watu alichokiona. Dakika kumi Jumapili, kwa Kiswahili chepesi: tulihesabu hivi, tukakuta hivi, hospitali itafanya hivi. Hapo mumiani hufa. Watu wanaorudishiwa majibu ya maswali waliyoulizwa watafungua mlango mwaka unaofuata bila kubembelezwa, na pengine watoto wao waliokaa benchi la mbele watashika daftari wenyewe.

Sisi mafrateri tuna faida yetu pia, tusijifanye watakatifu. Katika parokia tunafundishwa kuongea. Mtafiti mzuri anafundishwa kuuliza na kunyamaza. Mtakatifu Alberto Mkuu, ambaye Kanisa limempa usimamizi wa wanasayansi, aliangalia wadudu na mimea kwa macho yake kabla ya kuandika, naye ndiye aliyemfundisha Toma wa Akwino. Kushiriki meza moja na mtu aliyeshinda anahesabu watoto walioongezewa damu kungetusaidia kuhubiri kidogo na kuangalia zaidi. Naye, pengine, angejua kutoka kwetu kwa nini yule mama wa kigango cha mbali alichelewa: mto ulijaa, na mwenye mtumbwi alikuwa msibani. Hilo katika MTUHA halimo.

Vyuo vingi vitafunga katikati ya mwaka. Barua ya kuomba nafasi, kibali cha maadili na mpango wa msimamizi huchukua miezi, si wiki. Paroko anayetaka kujaribu aongee na mganga mkuu mapema, kabla ya Kwaresima kama inawezekana, waulizane jambo moja: mwaka huu, ni swali gani ambalo hospitali ingependa kulijua na haina mtu wa kulitafuta? Likishapatikana, mganga mkuu aandikie chuo, na paroko aandike jina la mama wa WAWATA mwenye chumba.

Watatu wanatosha kwa kuanzia. Hata mmoja.